Ukuta Mbichi: Uhakiki wa Jinsi Nakshi za Ukutani Zinavyosomwa, Pwani na Kolwezi

Katika taaluma ya Kiswahili, nakshi za ukutani zimepewa makao mamoja tu, nayo ni pwani. Anayetaja ufundi huu hutaja zidaka za Lamu, kuta za Pate na Siyu, majumba ya Mji Mkongwe wa Unguja. Fasihi yenyewe imeupa mtazamo huo idhini: Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unaomboleza majumba ya Pate ambayo madaka yake, yaliyowahi kupambwa kwa vyombo, yamekuwa malalo ya ndege. Msomaji wa Kolwezi anayekutana na utungo huo hutoka na fundisho la pili ambalo hakuna mwalimu aliyelikusudia: kwamba kwao, huko kwenye shaba ya Lualaba, hakuna ukuta unaostahili kuhakikiwa. Makala haya yanakusudia kulipinga fundisho hilo, na kuonyesha kwamba limetokana na kusoma ukuta kwa macho peke yake.

Tatizo halianzii Kolwezi. Linaanzia katika namna ukuta wa pwani wenyewe ulivyosomwa. Peter Garlake (1966) na Usam Ghaidan (1975) waliupima kwa uangalifu ambao watafiti waliofuata wameutegemea. Zidaka, kingo za milango, mpangilio wa vyumba kutoka uani hadi ndani: yote yamechorwa. Lakini mchoro ni ushahidi wa kitu kilichokwisha kukauka. Haumwonyeshi msomaji matumbawe yaliyopangwa juu ya magogo na kuchomwa. Wala chokaa iliyomwagiwa maji, ikafunikwa, ikaachwa miezi kadhaa ilainike. Wala ile saa fupi ambapo lipu iliyopakwa si majimaji tena na bado haijawa jiwe, ambayo ndiyo saa ya kuikata. Ufundi mzima umo katika saa hiyo. Anayekata mapema huona kingo zikiporomoka; anayechelewa huona vipande vikiruka. Na saa yenyewe hubadilika kwa unene wa tabaka, kwa upepo wa msimu, kwa kivuli cha chumba. Mwanagenzi huijua kwa kidole, baada ya kuharibu mara nyingi.

Wahakiki waliozoea kuigawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui wameuona ukuta ukiwa mgumu kugawika. Linda Donley-Reid alijaribu kuupa maudhui. Katika maandishi yake ya miaka ya 1980 na 1990 alieleza zidaka na kaure kuwa kinga ya ndani, chumba cha uzazi na cha mauti, dhidi ya unajisi na jicho baya. Hoja hiyo ina uzito na ilifungua mlango uliokuwa umefungwa. Hata hivyo, inamtazama mwenye nyumba kuliko fundi. Mwenye nyumba alijua ukuta unamkinga na nini; fundi alijua ukuta umefikia wapi katika kukauka. Maarifa haya ya pili hayajapata mhakiki wake, na pengine ndiyo sababu yamepotea kwa urahisi zaidi.

Kipimo cha mkono kinapochukuliwa na kupelekwa bara, mpaka kati ya sanaa na tope hauonekani tena pale ulipowekwa. Mkoa wa Lualaba, ambao Kolwezi ni makao yake makuu tangu 2015, hauna matumbawe. Una vichuguu, vingine virefu kuliko nyumba, vilivyojengwa na mchwa kwa kupandisha udongo mfinyanzi kutoka chini. Udongo huo ulitumiwa katika tanuri za wayeyushaji wa shaba wa zamani, na ndio unaofyatuliwa matofali hadi leo. Upande wa magharibi wa mkoa, kuelekea Sandoa na Dilolo, wanaishi Walunda na Wachokwe ambao ndugu zao wako ng'ambo ya mpaka wa Angola. Ni ng'ambo hiyo ambako kuta zao ziliandikiwa zaidi: kuta za miti zilizokandikwa udongo, zikasiribwa zikawa laini, kisha zikachorwa watu, wanyama na mistari iliyosukana, kwa mkaa, kwa udongo mwekundu na kwa pemba, jina ambalo lugha kadhaa za eneo hilo zinautumia kwa udongo mweupe.

José Redinha alizinakili kuta hizo, na mwaka 1953 nakala zake zikachapishwa katika Paredes Pintadas da Lunda na Diamang, kampuni ya almasi iliyoitawala Lunda karibu kama dola. Kitabu ni kizuri, na uzuri wake ndio unaotia shaka. Ukuta uliokuwa na mlango, mikwaruzo ya mbuzi na jirani anayepita umegeuka ukurasa safi. Delinda Collier, katika kitabu chake cha 2016 juu ya safari ya michoro hiyo, amechambua jinsi kampuni ilivyoifanya kuwa habari ya kuhifadhiwa na kumilikiwa. Inafaa kuongezea kwamba nakala ilipoteza pia jambo ambalo hata kampuni haikulitafuta, yaani kuharibika. Ukuta wa udongo hupigwa na mvua za Novemba hadi Aprili, hupasuka, husiribwa upya, na mchoro hufutika pamoja nao. Kwa mhifadhi hiyo ni hasara tupu. Kwa anayejifunza ni darasa, maana ukuta mbichi wa kujaribia haukosekani. Mwanagenzi wa Lamu alihitaji tajiri anayejenga. Wa Lunda alihitaji mvua tu.

Namna mstari wenyewe ulivyofundishwa inajulikana vizuri zaidi kutoka mchangani. Wachokwe wana michoro iitwayo sona, ambayo baadhi yake wavulana walifundishwa katika mukanda, yaani jandoni. Mchoraji husawazisha mchanga, hutia vitone kwa ncha za vidole viwili kwa pamoja ili nafasi zilingane, kisha hukizunguka kila kitone kwa mstari usiokatika. Paulus Gerdes, aliyeichambua michoro hii kihisabati, ameeleza kwamba kusita kulichukuliwa na watazamaji kuwa dalili ya kutojua, na aliyesita alipokewa kwa tabasamu la kejeli. Huo ni uhakiki, tena mkali, na unatolewa papo hapo. Hauulizi mchoro unafanana na nini. Unauliza kama mkono ulijua unakokwenda. Mkata lipu wa Pate angeuelewa bila mkalimani.

Kwa nini basi ufundi huo haukuingia mjini? Jibu rahisi ni usasa. Jibu la haki zaidi ni umiliki. Kolwezi ni mji wa kampuni: Union Minière du Haut-Katanga kwanza, na tangu 1967 mrithi wake wa serikali. Nyumba za wafanyakazi zilijengwa kwa safu, na nyumba ilifuatana na kazi. Aliyepoteza kazi alikaribia kupoteza na paa. Ukuta wa mwajiri hausiribwi kwa kidole. Haistaajabishi kwamba nakshi ilitoka ukutani ikaingia katika fremu. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya Le Hangar huko Elisabethville, Lubumbashi ya leo, na miongoni mwa wachoraji wake Bela alisifiwa kwa kupaka rangi kwa ncha za vidole. Kidole kilekile, kikiwa kwenye ukuta wa kijiji, kiliitwa cha mkulima. Katika miaka ya 1970 picha za wachoraji wa mitaani, kama Tshibumba Kanda Matulu ambaye Johannes Fabian alizungumza naye kwa Kiswahili cha huko, zilitundikwa katika sebule za mijini. Picha ya kutundika ina faida moja ambayo wahakiki wa sanaa hawaitaji: mtu akihamishwa, huondoka nayo.

Lugha nayo imeutunza mgawanyiko huu. Kiswahili sanifu kina kukandika kwa ukuta wa udongo, kutomea kwa kujaza mianya kwa vijiwe, kusiriba kwa tabaka la kulainisha, na kupiga lipu. Ni ngazi nzima ya vitendo, na kila kimoja kina saa yake. Kiswahili cha Kolwezi kilikua ndani ya kambi za kampuni, kikachota kwa Kifaransa majina ya kazi za kampuni: masoni, krepi. Maneno hayo yanafaa kazi yake na hayana haja ya kusahihishwa na mtu wa pwani. Yaliyokosa makao ni maneno ya mkono yaliyobaki katika Kichokwe, Kilunda, Kisanga na Kiluba, ambayo hakuna kamusi ya Kiswahili iliyowahi kuyaomba. Upungufu huo ni wa kamusi, na idara za Kiswahili zina sehemu yake.

Saruji imeongeza ugumu. Lubudi, katika mkoa huohuo, ilipata kiwanda cha saruji tangu enzi ya Wabelgiji. Saruji huanza kushika kwa muda wa saa chache, na anayejifunza kuipaka hufundishwa kuifuta mkono wake: rula ndefu, uso ulionyooka, kosa lisionekane. Pambo likihitajika, humiminwa katika kalibu. Mtu anaweza kuwa hodari wa kazi hiyo kwa miaka ishirini bila kuijua ile saa ya kukata.

Nayo ardhi iliyo chini ya ukuta imekuwa na thamani kuliko ukuta. Huko Kasulo, mtaa wa Kolwezi, mwaka 2014 madini ya kobalti yaligunduliwa chini ya nyumba, na wakazi wakachimba mashimo viwanjani na hata ndani ya nyumba zao. Mwaka 2017 baadhi yao walihamishwa. Septemba 2023 Amnesty International ilichapisha ripoti juu ya watu walioondolewa makwao kuzunguka migodi ya Kolwezi. Mazungumzo juu ya fidia huhesabu vyumba, mabati na matofali. Kazi ya mkono iliyo juu ya tofali ni vigumu kuiwekea bei, na kwa hiyo hupita bila kutajwa, kama inavyopita bila kutajwa katika mitaala. Mtafiti wa Kiswahili atakayetaka kukusanya msamiati wa ufundi huu asianzie makumbusho. Aanzie kwa waliohamishwa, maana wao ndio wanaolazimika kusimamisha ukuta mwingine, na aulize kwanza wanaujuaje kwamba udongo umefika.