Waliolelewa na Ngoma Tofauti

Kidatu, lango la bonde la Kilombero kwa anayetoka Mikumi, reli mbili zinakutana bila kuungana. Ile iliyoshuka kutoka Kilosa ina upana wa milimita 1,000. Ile ya TAZARA, itokayo Dar es Salaam kwenda Kapiri Mposhi, ina milimita 1,067. Kwa milimita 67 tu, behewa la reli moja haliwezi kutembea juu ya nyingine. Shehena sharti ishushwe upande huu, ipakiwe upande wa pili, ndipo safari iendelee. Kazi ya namna hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu hapa, ila mimi naizungumzia ndani ya bendi.

Tumezoea kusema kwamba bendi fulani "imechanganya mitindo". Mitindo haijichanganyi. Wanaokutana ni watu, kila mmoja na kipimo alichokua nacho, na lazima apatikane wa kuhamisha mzigo kutoka kipimo hiki kwenda kile.

Bonde letu lina vipimo vingi. Wandamba na mto wao, Wambunga wa Ifakara, Wapogoro wa milima ya Mahenge, Wahehe wa upande wa Udzungwa: kila jamii ina ngoma zake. Mashamba ya miwa ya Kilombero yakaleta vibarua kutoka nyanda za juu na kusini, nao hawakuacha nyimbo zao nyumbani. Wasukuma wakaja na ng'ombe wao, na pamoja nao bugobogobo, ngoma iliyozaliwa na kazi ya jembe. Wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi, walioanza kazi katika eneo hili mwaka 1921, waliacha mazoea ya kuimba kwa sauti nne. Na baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya 1962 na 1965, ngoma na kayamba zikapata nafasi kanisani. Madrasa nazo zina dufu na kaswida. Na kule Chita, kwenye kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), vijana hukimbia mchakamchaka alfajiri, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia kwa mguu uleule unaogusa ardhi.

Sasa chukua bendi ndogo ya kawaida ya bonde hili, ya kupiga harusini na ukumbini. Mpiga tumba wake amekulia kwenye uwanja wa ngoma ya sangula. Huyo hahesabu moja hadi nne. Anamtazama mchezaji, kiuno kikibadilika na mkono wake unabadilika. Ngoma nyingi za kwetu hubeba hesabu mbili kwa wakati mmoja, mkono huu ukigawa kwa tatu na ule kwa mbili, na yeye hizo zote anazo mwilini. Mwimbaji wa pili ametoka kwaya. Anasoma solfa, anaijua sauti yake na ya jirani yake, na kiitikio akikishika hakiyumbi. Lakini amezoea kumfuata mwalimu aliyesimama mbele, na humu bendini mwalimu hayupo. Mwimbaji kiongozi amelelewa na kaswida. Neno moja analivuta, analikunja, analipandisha na kulishusha mpaka pumzi inapoishia. Ni sauti ya kumtoa mtu machozi, lakini haijui kwamba magitaa yanasubiri nyuma yake.

Wakusanye watu hao chumba kimoja, kila mmoja apige vizuri kama alivyofundishwa, na utapata makelele. Hakuna aliyekosea, ila vipimo havilingani.

Hapo ndipo anapoingia mpiga gitaa la rithim, fundi anayesifiwa kidogo kuliko wote. Watu humtuza mpiga solo, humtuza mwimbaji kwa kumbandika noti kwenye paji la uso. Wa rithim anasimama karibu na mpiga drams, anarudia mpigo mfupi uleule kwa dakika nyingi. Lakini sikiliza anapouweka. Anautia pale ambapo tatu na mbili za tumba zinakutana, hivyo aliyetoka kwaya anapata mahali pa kuingilia bila kuonyeshwa mkono, na mpiga tumba haombwi kubadili hata pigo moja. Mpiga besi anamsaidia kwa kunyamaza: anaacha pengo pale ambapo mgeni angetegemea pigo zito, na pengo hilo linamwachia mwimbaji nafasi ya kulikunja neno lake. Wakati wa mazoezi wanakubaliana mizunguko mingapi apewe kabla magitaa hayajachangamka. Kila mmoja anampimia mwenzake nafasi, na hakuna anayeambiwa ausahau muziki wa kwao.

Mkoa wetu wa Morogoro umejua ufundi huu kwa miaka mingi. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Salum Abdallah, aliyeiasisi Cuban Marimba mjini Morogoro, aliipenda mno miziki ya Kuba iliyokuja kwenye santuri. Inasimuliwa kwamba ujanani alitoroka akitaka kufika Kuba kwenyewe, akaishia Mombasa. Hakuifika Kuba, lakini aliimba midundo yake kwa Kiswahili chenye mafumbo ya pwani na bara, na alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, Juma Kilaza aliipokea bendi na kuiendeleza. Mbaraka Mwinshehe alilipeleka gitaa la Morogoro Jazz hadi maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, na mwaka 1973 akaunda Super Volcano yake. Nako Dar es Salaam, bendi ya Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978, ilikusanya watu wa shule mbalimbali: Michael Enoch aliyepitia Dar es Salaam Jazz, Muhiddin Maalim Gurumo wa NUTA Jazz, na wengine, kisha mtindo wao wakauita Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, akaja Dar es Salaam mwaka huohuo wa 1978 kujiunga na bendi ya Makassy, na baadaye akiwa na Super Matimila aliimba shida za mlalahoi wa Tanzania kama mzaliwa wa hapa. Hakuna hata mmoja wao aliyetakiwa kwanza kuyafuta malezi yake.

Siku hizi kinanda kimoja kina midundo ya dunia nzima, na kidole kimoja kinatosha kuiita. Siwalaumu wanaokitumia, bendi kamili ni gharama, na wenye harusi hawana fedha nyingi. Ila kinanda hakijawahi kumtazama mchezaji kiunoni, wala hakijui kumsubiri mwimbaji aliyevuta neno kupita mwisho wa hesabu. Hayo hujifunzwa na mtu aliyelelewa mahali fulani, kisha akakubali kukaa na aliyelelewa kwingine.

Kwa hiyo anayetaka Ifakara iwe na bendi nzuri asianze kwa kununua vyombo. Auache uwanja wa ngoma uendelee kujaa watoto, aitunze kwaya na mwalimu wake, aiheshimu madrasa na dufu lake. Wakishakua, awape chumba cha mazoezi na muda mrefu wa kugombana na kupatana. Na siku ya kulipana, wa rithim alipwe sawa na wa solo.