Sauti ya Lufufu

Mwaka 1973 huko Paris, René Viénet alichukua filamu ya mapigano iliyotengenezwa Hong Kong, akaacha picha zake kama zilivyo, akafuta maneno ya waigizaji na kupachika ya kwake. Watu wakawa wanarushiana mateke huku wakibishana juu ya urasimu na haki za wafanyakazi. Kazi hiyo imeingia katika historia ya sinema ya majaribio, na jina la Viénet linatajwa kwa heshima. Dar es Salaam nako alikuwepo mtu aliyezishika filamu za wengine akazipa maneno mapya, tena nyingi mno. Ni Derek Gaspar Mukandala, ambaye wapenzi wa video walimjua kwa jina la Lufufu. Yeye aliitwa mtafsiri wa mikanda, na wenye hasira waliwaita watu wa kazi yake wezi. Mimi nasema Lufufu alikuwa mtengenezaji wa filamu, na wa majaribio hasa.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994. Dar es Salaam, waliotaka kuona picha walikwenda kwenye majumba ya sinema: Empire, Avalon, Odeon, Cameo, na Starlight iliyokuwa jirani na viwanja vya Mnazi Mmoja. Deki za video zilipoenea, sinema ikahamia uswahilini, ndani ya mabanda yenye televisheni moja na mabenchi ya mbao, ambayo vijana waliyabatiza vibanda umiza. Humo zilionyeshwa filamu za Kichina, Kihindi na Kiingereza kwa watazamaji wa Kiswahili. Stelingi alieleweka kwa ngumi zake. Lakini kwa nini anapigana, nani kamsaliti, yule mama pale kizingitini analia nini? Hayo yalihitaji msemaji.

Msemaji huyo alikaa karibu na televisheni, kipaza sauti mkononi. Baadaye sauti yake ikarekodiwa juu ya mkanda wenyewe, na mikanda ikasafiri kuliko yeye. Ukitoka Mnazi Mmoja ukaifuata barabara ya Uhuru hadi Kariakoo, uliikuta madukani, kwanza VHS, kisha VCD, kisha DVD.

Watu wengi hudhani mtafsiri anasikiliza Kiingereza na kukitoa kwa Kiswahili. Kama ingekuwa hivyo tu, mwalimu yeyote wa lugha angeiweza. Mtafsiri wa mikanda hufanya kazi ya watu kumi. Huitazama filamu mpaka aijue ndani na nje, kwa sababu akishaanza kurekodi filamu haimsubiri. Huishusha sauti ya mkanda anapotaka kusema, na kuipandisha bunduki zinapolia, ili maneno yake yasiue mapigo ya hadithi. Huwa jambazi, huwa mtoto, huwa bibi harusi, kwa koo moja. Pale ambapo mwongozaji wa Hollywood ametegemea mtazamaji ajue mambo ya New York, yeye hufungua fundo kwa sentensi mbili, kisha hukimbia kuwahi neno linalofuata. Anaweza kukuambia mapema kwamba huyu anayecheka ndiye atakayeua, nawe ukaanza kuitazama sura ile kwa macho mengine. Picha ni ileile, filamu imebadilika. Kuamua mtazamaji ajue nini na lini ni kazi ya mwongozaji, mahali popote duniani.

Na zaidi ya yote anajua kunyamaza. Hili ndilo linalowashinda wanafunzi wengi. Kijana akipewa kipaza sauti hujaza kila pengo kwa kelele, ilhali fundi huacha mtu afe kimya.

Lufufu aliitia mkononi Titanic ya James Cameron, iliyotoka 1997. Ni filamu ya dakika 194. Fikiria mtu mmoja kuzibeba hizo zote, toka bandarini hadi maji ya barafu, bila kundi la waigizaji, bila studio ya maana, na asiwachoshe wasikilizaji. Tena wasikilizaji wenyewe ni wa nchi iliyokuwa imezika mamia ya watu wa MV Bukoba, iliyozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. Kwao meli inayozama na watu wake haikuwa ndoto ya Wazungu. Msomi wa Kijerumani Matthias Krings ameiandika Titanic ya Lufufu katika kitabu chake African Appropriations, kilichotoka 2015. Inanisikitisha kwamba uchambuzi wa kina wa kazi hiyo umetoka mbali hivyo, nasi tuliokulia karibu na sauti ile tumekaa kimya.

Kuna hoja nzito upande wa pili, nami siipuuzi. Filamu hizi zilinakiliwa na kuuzwa bila ruhusa ya wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu 1999. Waigizaji wetu nao waliumia. Aprili 2017 waliandamana Kariakoo wakilalamikia filamu za nje zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Mtu anayetengeneza filamu kwa fedha zake hawezi kushindana na diski iliyonakiliwa bure. Malalamiko yao ni ya haki. Lakini kosa la mwenye kunakili haliufuti ustadi wa msemaji. Mikataba ingeweza kutafutwa, na sauti ikabaki.

Wakati sisi tukibishana, Uganda walikwenda hatua ya mbele. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, utotoni hakuziona filamu ukumbini. Kaka yake alizitazama na kumsimulia. Alipokua alitengeneza zake mwenyewe, kwa kompyuta alizoziunganisha kwa vipuri na kwa majirani waliogeuka waigizaji. Filamu yake ya 2010, Who Killed Captain Alex?, imeifikisha Wakaliga duniani kote. Juu yake anasikika VJ Emmie akisimulia, akitania na kuchochea, na hiyo ni sehemu ya filamu yenyewe. Toleo lisilo na sauti ya Emmie limepotea. Kilichookoka ni kile chenye msemaji ndani yake.

Hapa kwetu hatari ni kubwa zaidi. Utepe wa VHS huliwa na joto, unyevu na kuvu, na Dar es Salaam ina vyote vitatu. Deki zinazofanya kazi zimebaki chache, na wauzaji wa zamani wa Kariakoo wamehamia biashara nyingine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina watu wanaofundisha filamu, Bodi ya Filamu ipo, na tamasha la ZIFF la Zanzibar linaendelea tangu 1998. Lolote kati ya hayo linaweza kuanza kukusanya kazi hizi kwa ajili ya utafiti, bila kumuuzia mtu nakala hata moja. Nawe msomaji, kama nyumbani kwenu, chini ya kitanda au juu ya kabati la marehemu mjomba, umebaki mkanda wenye sauti ya Lufufu, usiutupe. Ufute vumbi, uutunze pakavu, umtafute mtu mwenye deki auhamishie kwenye kompyuta mwaka huu.