Sauti Juu ya Mkanda

Mtu akitoka kuangalia filamu kubwa ya mfululizo, iwe ya Marvel au ya Fast & Furious, ukimuuliza imekuwaje atakujibu kwa neno moja au mawili: kali, ya kawaida, wamechemsha. Si vibaya, lakini hiyo ni hukumu iliyotolewa bila ushahidi, na anayeisikia hana pa kuishika wala pa kuipinga. Maoni ya filamu yenye uzito yanadai ufundi. Inabidi kukumbuka kilichopita, kuchagua kipi kilikuwa na maana, na kukisema kwa namna ambayo hata aliyekaa benchi moja nawe akaona yaleyale atahisi kuna kitu kilimponyoka. Tukitaja watu wa kazi hiyo tunawafikiria waandishi wa magazeti, na siku hizi vijana wa YouTube wanaogawa nyota nne kati ya tano. Dai langu ni kwamba huku kwetu Afrika Mashariki fundi hodari zaidi wa kazi hiyo ni yule ambaye karibu hakuna amwitaye mhakiki, yaani msimulizi wa muvi, DJ wa kibanda umiza (ukumbi mdogo wa video wa mtaani) anayeweka sauti yake juu ya sauti ya Hollywood na kutoa maoni picha ikiwa bado inakwenda.

Kazi yenyewe ni kongwe. Japani ya enzi za filamu bubu ilikuwa na benshi, mtu aliyekaa kando ya pazia akaigiza sauti za wahusika, akaeleza mambo ya ng'ambo kwa watu wa Tokyo, na akapachika mawazo yake humohumo. Wako waliochagua ukumbi kwa kumfuata yeye, si kwa kumfuata mwigizaji. Heigo, kaka yake mwongozaji Akira Kurosawa, alikuwa mmoja wao, na filamu zenye sauti zilipoingia kazi ile ikawafia mikononi. Huku kwetu msimulizi alipitia mlango mwingine, na mlango huo haukuwa mzuri. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na mradi wa filamu za elimu wenye kambi Vugiri, katika milima ya Usambara. Walitengeneza filamu fupi za kilimo, afya na kuweka akiba, wakazizungusha kwa lori, na maneno ya Kiswahili na ya lugha nyingine yakachezwa kwa santuri. Baadaye magari ya sinema ya serikali ya kikoloni yalikuja na mfafanuzi mwenye kipaza sauti, kazi yake ikiwa kuhakikisha mtazamaji anaielewa picha kama serikali ilivyotaka aielewe. Sauti juu ya picha, basi, ilianza kama sauti ya bwana shamba.

Deki na kanda za video ndizo zilizoipindua. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, kwa hiyo kwa watu wengi mkanda wa Rambo au wa kung fu ulikutwa kibandani, mbele ya skrini ndogo, ukiwa katika lugha ambayo nusu ya benchi haikuijua. Uganda walizuka mavijei, kina VJ Jingo, wakisimulia kwa Kiganda. Tanzania, Derek Gaspar Mukandala alijulikana kwa jina la Lufufu. Kenya alikuja DJ Afro, na Kiswahili chake cha mtaani kikazipa muvi za Hong Kong na za Kihindi uhai ambao watengenezaji wake hawakuuota. Hawa hawakutumwa na mtu, wala hakuna aliyewaandikia la kusema. Mwajiri wao alikuwa mtazamaji aliyelipa kiingilio, ambaye angeweza kunyanyuka na kwenda kibanda cha pili wakati wowote.

Sasa tuipime kazi hiyo kwa mfano. Katika Avengers: Endgame ya 2019 kuna mahali Captain America ananyoosha mkono na nyundo ya Thor inamjia. Kumbi za sinema duniani zililipuka kwa kelele. Lakini mtu aliyeingia bila historia ameona nini pale? Ameona mwanamume mwenye ngao akidaka nyundo. Uzito wa tukio haumo ndani ya tukio. Umo katika Thor ya 2011, ambapo Odin, baba yake Thor, anaiwekea nyundo sharti kwamba ataibeba anayestahili tu, na umo katika Avengers: Age of Ultron ya 2015, ambapo mashujaa wanajaribu kuinyanyua kwa utani, mmoja baada ya mwingine, na alipofika Captain America nyundo ikatikisika kidogo, tabasamu la Thor likayeyuka. Filamu tatu, miaka minane, kwa tukio la sekunde chache. Endgame ni ya 22 katika mfululizo wake na inakwenda saa tatu nzima, nayo haikupi nafasi ya kuuliza. Maandishi ya chini hayasaidii, kwa sababu yanatafsiri kinachosemwa, na pale mzigo wote uko katika kisichosemwa. Msimulizi mzuri anajua hivyo. Nyundo inapoanza kutikisika ardhini, kabla haijafika mkononi, ana pumzi moja tu ya kumrudisha mtazamaji kwa Odin na kwenye ule utani. Akichelewa kidogo, tukio limekwisha. Akiwahi mno, amemalizia watu uhondo.

Kuchagua jambo moja kati ya filamu ishirini na kitu ni kutoa maoni. Ni kusema kwamba hili ndilo lililobeba mengine, na yale tuyaache. Mhakiki wa gazeti hufanya hivyo akiwa na siku nzima mbele yake, msimulizi anafanya huku mkanda ukimkimbia. Sisemi hivyo kumdharau wa gazeti (ana kazi yake, na wapo wanaoifanya kwa heshima), ila ninasema kwamba filamu ya mfululizo, kuliko filamu ya aina nyingine yoyote, inahitaji mtu mwenye kumbukumbu aliyekaa karibu na anayeona. Haisimami peke yake, na yeyote anayeihukumu kana kwamba inasimama peke yake anahukumu sura moja iliyochanwa kutoka kitabuni.

Kuna lingine ambalo vibandani lilijulikana zamani kabla wasomi hawajalitungia nadharia: stelingi, shujaa mkuu wa muvi, hafi. Usemi huu watu huutaja wakicheka, lakini ndani yake mna hukumu kali juu ya biashara nzima ya muvi za mfululizo. Mtazame Han wa Fast & Furious. Alikufa katika Tokyo Drift ya 2006. Filamu ya sita, mwaka 2013, ikatuonyesha kwamba aliyemuua ni Deckard Shaw. Ya nane, mwaka 2017, ikamkaribisha Shaw huyohuyo mezani kwa familia ya Dom, stelingi wa mfululizo, kana kwamba damu ya Han ilikuwa maji. Watazamaji walikasirika, wakadai haki ya Han kwa miaka, na katika F9 ya 2021 mwongozaji Justin Lin akamrudisha Han akiwa mzima, kwa maelezo kwamba kifo kile kilikuwa cha kuigiza. Mfululizo ulioanza 2001 na vijana wa mbio za mitaani waliokuwa wakiiba mashine za DVD kwenye malori ulikuwa umefika mahali ambapo gari linarushwa anga za juu na wafu wanarudi. Anayetoa alama nne juu ya tano hana pa kuliandika jambo hilo. Msimulizi analo neno lake tayari, na akilisema kwa kejeli wakati Han anaingia mlangoni, amesema kwa pumzi moja kwamba kifo hapa kimepoteza bei, kwamba tunajua, na kwamba tumefurahi vilevile. Mambo matatu yanayopingana kwa sehemu, na yote ni ya kweli.

Atasimama mtu hapa aseme kwamba ninavisha joho kitu kisicho na thamani ya joho. Martin Scorsese alisema mwaka 2019 kwamba filamu za Marvel si sinema, zinafanana zaidi na bustani za michezo, na baadaye mwaka huohuo akaeleza kwa maandishi kwamba ndani yake hakuna kinachowekwa hatarini. Kwa sehemu kubwa ninakubaliana naye, na habari ya Han ni ushahidi wake. Ila yeye alikuwa akiipima filamu iliyotoka kiwandani, nami ninapima kinachotokea inapofika kwenye benchi. Kwenye benchi hatari ipo, na anayeibeba ni msimulizi. Mzaha wake unaweza kufa, jina la utani alilompa adui linaweza kukataliwa, chumba kinaweza kumzomea. Studio imepanga mapato yake mapema, naye lazima ayapate yake dakika kwa dakika. Kama filamu hizi zimemwondoa binadamu anayeweza kushindwa, kibandani alirudishwa.

Lawama ya pili ni kwamba msimulizi anapotosha. Anabadili majina ya wahusika, anawatia maneno midomoni, anaiita New York kwa jina la mtaa wa hapa. Ni kweli, anafanya. Lakini tuulize nani hafanyi. Black Panther ya 2018 ilitujengea Wakanda, nchi iliyowekwa upande huu wa mashariki ya Afrika, halafu wananchi wake wakasema Kixhosa, lugha ya Afrika Kusini. Hilo tuliambiwa ni ubunifu, si upotoshaji. Tofauti ni kwamba mtazamaji wa kibandani husikia sauti mbili kwa pamoja, ya Kiingereza chini na ya Kiswahili juu, na anajua wazi ipi ni ya muvi na ipi ni ya DJ. Upotoshaji unaofanyika mbele ya macho ya wote ni maoni. Unaofichwa ndio wa kuogopwa, kama ule wa yule mfafanuzi wa gari la serikali.

Siwatetei wote. Wapo wanaojaza kila nafasi kwa makelele, wasioruhusu hata mlio wa mlango usikike. Wapo ambao kila mwanamke akitokea kwenye skrini hawana la kusema ila umbo lake, na ambao kabila la watu fulani ndilo kichekesho chao cha pekee. Huo ni ufundi mbovu kwa maana halisi ya ufundi, kwa kuwa anayesema vilevile juu ya kila mwanamke ameacha kuangalia picha. Msimulizi bora hupimwa zaidi kwa pale anaponyamaza. Stelingi anapomzika mama yake, DJ anayejua kazi humwachia muziki, kisha anarudi na sentensi fupi.

Inabaki lawama ya haki za watengenezaji, na hiyo siwezi kuipangua. Kanda nyingi zilizosimuliwa zilikuwa za kunakili bila ruhusa, na mwaka 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa bei ya kutupa huku zao zikidoda. Walikuwa na hoja. Ila wizi wa mkanda ni jambo la anayenakili na anayeuza, na dawa yake ni leseni, ambayo inaweza kumlipa mwenye filamu pamoja na mwenye sauti. Kinachonitia shaka zaidi kuhusu kesho ya ufundi huu ni kwamba siku hizi msimulizi hurekodi peke yake chumbani, muvi ikauzwa kwenye flashi na kuangaliwa kwenye simu. Lufufu na wenzake, walipokuwa mbele ya watu, walijua papo hapo kama neno limeingia. Anayerekodi leo lazima akisie benchi lingecheka wapi, na ndiyo sababu wengi wao hawathubutu tena kunyamaza.