Kafa Ulaya na Zulia Jekundu

Si desturi ya majarida ya ushairi kuyajadili magauni ya waigizaji wa filamu, na huenda baadhi ya wasomaji wakadhani tumepotea njia. Lakini sisi tuliolelewa katika kanga, libasi isiyokamilika mpaka iandikwe maneno, tuna haki ya kuiuliza nguo yoyote inasema nini. Tena nadhani haki yetu ni kubwa kuliko ya wale ambao kila mwaka, mara baada ya usiku wa Oscar, hutoa orodha za magauni waliyoyapenda na waliyoyachukia. Wao hulitazama gauni kwa jicho la mnunuzi. Mimi kazi yangu ni kuyahamisha mashairi ya watu kutoka lugha moja hadi nyingine, na kila nimwonapo mtu amevaa gauni lililokwisha kuvaliwa au kuonyeshwa kabla yake, naiona kazi hiyo hiyo: maungo mapya ndani ya mshono wa zamani.

Usiku wa tarehe 25 Machi 2001, mjini Los Angeles, Julia Roberts alipanda jukwaani kupokea tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwa filamu ya Erin Brockovich. Alivaa gauni jeusi la Valentino lenye ukanda mweupe ulioanzia mabegani, ukakutana kifuani na kuteremka hadi chini, na nyuma ukatawanyika juu ya mkia wa gauni kama vijito. Gauni lile lilikuwa la mwaka 1992. Hakuwa wa kwanza kuingia na nguo ya zamani kwenye zulia jekundu, ila picha yake ndiyo iliyobaki, na tangu hapo wengi waliona kwamba gauni la kale linaweza kuwa heshima badala ya kuwa dalili ya ukata. (Hapa Mwanza, katika soko la Mlango Mmoja, nguo ya miaka 9 haihesabiwi kuwa ya zamani. Muuzaji ataapa kwamba imetoka dukani jana.)

Nalihesabu gauni lile kuwa tafsiri njema. Mistari ya Valentino ni mikali, imenyooka, nayo ingeweza kumgeuza mvaaji kuwa mlingoti. Roberts alicheka, akainama, akatupa mikono, akazungumza kupita muda aliopewa, na ule ukanda mweupe ukawa unacheza pamoja naye. Gauni lilikuwa limekwisha kusema lake mwaka 1992. Yeye aliliachia maneno yale yale, akalipa pumzi nyingine. Mfasiri wa shairi hatafuti zaidi ya hilo.

Sasa tazameni kisa cha Reese Witherspoon, Januari 2006, katika tuzo za Golden Globe. Alivaa gauni la Chanel akiamini kuwa ni la kale. Kumbe miaka mitatu kabla, Kirsten Dunst alikuwa amelivaa gauni lilo hilo katika karamu ya tuzo zizo hizo. Likawa jambo la aibu, likaandikwa kila mahali. Miezi miwili baadaye, alipotwaa Oscar, alikuwa katika gauni la Christian Dior la mwaka 1955, naye akasifiwa na kila kalamu. Nguo zote mbili zilikuwa zimetumika. Tofauti ni kwamba mmoja wa waliotangulia alikuwa hai, kijana wa rika lake, anayeweza kukaa meza ya pili na kulitambua vazi lake. Zulia jekundu humpenda aliyetangulia iwapo yuko mbali, na iwapo amekufa humpenda zaidi.

Hapo ndipo linaponijia jina ambalo wazee wetu waliwapa mitumba: kafa Ulaya. Walidhani, au walijifanya kudhani, kwamba hakuna mtu mwenye akili anayeweza kuitoa nguo nzima ingali na vifungo vyake, hivyo bila shaka mwenyewe kafariki huko Ulaya. Ni jina la kejeli, lakini ndani yake mna adabu. Linakiri kwamba palikuwa na mtu. Ukivaa koti la kafa Ulaya, umevaa la marehemu, na marehemu huyo hana jina wala kaburi unalolijua. Gauni la zulia jekundu nalo ni kafa Ulaya, isipokuwa marehemu wake anajulikana kwa jina, kwa mwaka na kwa bei.

Marehemu mashuhuri kuliko wote ni Marilyn Monroe. Tarehe 19 Mei 1962, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, alimwimbia Rais John F. Kennedy wimbo wa siku ya kuzaliwa akiwa na gauni la Jean Louis, la kitambaa chepesi mno chenye rangi ya ngozi, lililotapakazwa vito vidogo vya kumeta. Lilikuwa limembana kiasi kwamba ilibidi ashonewe mwilini. Mwezi Agosti mwaka huo huo alifariki. Gauni likauzwa mnadani mwaka 1999 kwa zaidi ya dola milioni 1.2, na mwaka 2016 likauzwa tena kwa dola milioni 4.8 kwa kampuni ya Ripley's, ambayo huonyesha vitu vya ajabu. Tarehe 2 Mei 2022, Kim Kardashian alilivaa kupandia ngazi za jumba la makumbusho la Metropolitan.

Wengi walimlaumu kwa kuhatarisha kitu cha kihistoria, na hata wataalamu wa mavazi katika Baraza la Kimataifa la Makumbusho walitoa tamko kwamba nguo za namna hiyo hazifai kuvaliwa na mtu yeyote. Ripley's wakajibu kwamba halikudhurika. Siingii katika ugomvi huo. Linalonihusu ni namna alivyoliingia. Kwa kuwa halikuruhusiwa kurekebishwa, alisema alipunguza ratili 16 za mwili wake kwa muda wa wiki tatu. Hata hivyo nyuma halikufunga, ikabidi pazibwe kwa joho jeupe la manyoya. Alipanda ngazi zile, akaingia ndani, akabadili, akavaa nakala.

Mfasiri yeyote anamjua ndugu huyu. Ni yule anayeapa kutogusa hata nukta ya shairi la asili, kisha akaivunja mifupa lugha yake mwenyewe ili iingie. Mbele mistari inafanana na ya asili, vina vimekaa mahali pake, lakini mgongoni pako wazi, na msomaji akipewa nafasi ya kuzunguka atapaona. Lile gauni lilikuwa maana ya mwili mmoja, sauti moja, usiku mmoja. Liko shairi lisilofasirika, na kuliacha katika lugha yake si kushindwa. Siandiki haya kwa kiburi. Ninazo tafsiri zangu kadhaa zilizovikwa joho la manyoya.

Lakini wahakiki wa mavazi wana ukimya mmoja unaonisumbua zaidi kuliko kosa la Kardashian. Watakutajia mbunifu, mvaaji na sonara. Kuhusu kitambaa kimetoka wapi, nani alikichuma na nani alikisokota, hawana neno. Kwa mtu wa Mwanza ukimya huu ni mzito, maana Usukuma ni nchi ya pamba. Kwa fedha za pamba watu wetu waliunda, mwaka 1955, muungano wa vyama vya ushirika ulioongozwa na Paul Bomani na kuwa miongoni mwa mikubwa barani Afrika. Baada ya uhuru kikajengwa hapa kiwanda cha Mwatex ili pamba ya Usukuma ivaliwe Usukuma. Kikayumba, kikabinafsishwa. Hadi leo sehemu kubwa ya pamba yetu huondoka ikiwa haijasokotwa hata uzi, na nguo hurudi katika mabelo ya mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba kwa muda wa miaka mitatu. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za kibiashara, na ikabaki Rwanda peke yake kushikilia msimamo, nayo ikazipoteza nafuu zake za nguo mwaka 2018.

Kwa ajili hiyo gauni ninalolipenda kuliko yote ni jipya, si la kale, ingawa nalo lina aliyelitangulia. Tarehe 2 Machi 2014 Lupita Nyong'o, binti wa Kijaluo ambaye upande wa baba yake ni watu wa Kisumu, ng'ambo ya Ziwa letu, aliingia katika sherehe za Oscar na gauni la Prada la buluu nyepesi, lenye mikunjo myembamba iliyofunguka kila alipopiga hatua. Alishiriki mwenyewe katika kulibuni. Alisema rangi ile ilimkumbusha Nairobi. Mimi nilinung'unika kidogo, maana buluu ile huonekana Ziwani asubuhi kabla upepo haujaamka, na Nairobi haina ziwa la kulinganisha. Lakini mshairi humwachia mwenzake sitiari yake.

Usiku ule alitunzwa kwa kumwigiza Patsey katika filamu ya 12 Years a Slave. Patsey hakubuniwa na mtunzi wa filamu. Aliishi, akawa mtumwa katika shamba la pamba huko Louisiana, na habari zake zimeandikwa na Solomon Northup, aliyetekwa utumwani tangu 1841 hadi 1853. Northup anaeleza kwamba Patsey aliweza kuchuma ratili 500 za pamba kwa siku. Msomaji wa Unguja na atulie hapa kidogo. Katika miaka ile ile pamba ya mashamba ya watumwa wa kusini mwa Marekani ilipelekwa katika viwanda vya kaskazini, ikafumwa kitambaa kigumu kisichotiwa rangi, ikapakiwa merikebuni, ikateremshwa Forodhani. Tuliiita merikani. Iliwavisha watumwa wa mashamba ya karafuu, na mabegani mwa wapagazi ikapanda bara ikiwa ndiyo fedha ya safari. Speke alipoufikia mwambao huu wa Mwanza mwaka 1858, pamoja na Sidi Mubarak Bombay, njia nzima walikuwa wakilipa hongo kwa nguo na shanga. Siwezi kusema kwamba uzi uliochumwa na Patsey ulifika hapa. Ninachoweza kusema ni kwamba mikono ya namna yake ndiyo iliyolivisha Ziwa hili nguo zake za kwanza za kutoka Marekani, na hakuna aliyetajiwa jina lake.

Kwa hiyo alipopita mwanamke yule wa Ziwa juu ya zulia, mikunjo ikifunguka na kufumba, mimi nililiona gauni la pili chini ya lile la kwanza: gauni la pamba, la kazi, la Patsey. Naye mwenyewe, alipopewa nafasi ya kusema, alikiri kwamba furaha yake ilitokana na mateso makubwa ya mtu mwingine. Wahakiki waliandika sana juu ya rangi. Juu ya pamba sikuona neno. Hali wasomaji wetu wa visiwani wangelifahamu gauni lile bila mkalimani, maana bibi zao waliwahi kulivaa. Amri ya 1897 ilipofuta hadhi ya utumwa Unguja na Pemba, wanawake waliokuwa wakivishwa merikani na kaniki walizitupa, wakanunua kanga, wakatoka mitaani kuonekana. Hawakuwa na zulia wala kamera, walikuwa na uchochoro wa Ng'ambo na macho ya jirani, na kila mtu alijua aliyekuwa akipita ni nani na alikuwa ametoka wapi.

Mwaka uliofuata, 2015, Nyong'o alivaa gauni la Calvin Klein lililotungwa kwa lulu 6,000. Likaibwa hotelini, likarudishwa siku mbili baadaye. Zuri, lakini halikunikaa. Lulu zilikuwa nyingi kuliko maneno.

Narudi Mlango Mmoja, maana wafasiri wa kweli wa magauni ninaowafahamu wako huko, kwenye vibaraza, mbele ya vyerehani vya miguu. Gauni jeusi refu la jioni lilitoka kwenye belo, lebo imekatwa, na dada mmoja akalinunua kwa ajili ya sendofu ya mdogo wake. Akalipeleka kwa fundi lipunguzwe kiuno. Fundi hakulazimika kumlinda mbunifu wala marehemu. Aliligeuza ndani nje, akalikagua kama mtu asomaye hati ya zamani, akasema, "Dada, hili lilikuwa la mtu mrefu, na mkono wake wa kulia ndio ulikuwa wa kazi." Akamwonyesha kwapa lilivyochakaa upande mmoja. Kisha akapitisha kidole kiunoni, kwenye mstari wa matundu madogo ya sindano, mahali ambapo fundi mwingine wa nchi nyingine alikuwa amekwisha kulitanua. Akatia uzi mweusi, akaanza kushona juu ya matundu yale yale.