Chungu cha Jikoni na Bakuli la Uchina

Mwanafunzi anapopelekwa katika jumba la makumbusho kwa mara ya kwanza, macho yake huvutwa na kile king'aacho. Husimama mbele ya bakuli la Uchina lenye rangi ya kijani, akaandika katika daftari lake kwamba wazee wetu walifanya biashara na nchi za mbali. Kisha huvipita upesi vigae vyeusi vya chungu vilivyowekwa kando, kana kwamba hivyo havina habari. Hatuwezi kumlaumu. Wataalamu waliomtangulia walifanya vivyo hivyo.

Tutazame Kilwa Kisiwani. Neville Chittick alichimba magofu ya kisiwa hicho katika miaka ya 1960, na mwaka 1974 matokeo yake yakatolewa katika vitabu viwili vinene. Kazi hiyo ni kubwa, na kila aandikaye juu ya Kilwa leo bado anaitegemea. Alichimba kwa utaratibu, tabaka baada ya tabaka, maana kilicho chini hutangulia kilicho juu maadamu ardhi haikuvurugwa. Lakini hebu tuyachunguze majina. Vyombo vya ng'ambo viliitwa kwa nchi zao na kwa ufundi wao. Vyungu vya wenyeji, vilivyotoka katika tabaka za chini kabisa, viliitwa vyombo vya kale vya jikoni! Chungu ni cha jikoni kweli, hatukatai. Hata hivyo jina hilo linamfuta mfinyanzi na kumbakiza mpishi tu, tena mpishi katika nyumba ya mtu mwingine. Kutoka hapo si mbali kufikia kauli kwamba miji ya pwani iliasisiwa na wageni, na kwamba Mwafrika aliingia humo kama mtumishi.

Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika kitabu chake cha mwaka 1994, alivitazama vigae vya namna hiyo kwa jicho jingine. Alizingatia shingo ya chungu na michoro ya pembetatu iliyochorwa udongo ungali mbichi, akaviita kwa michoro hiyo. Jina lilipobadilika, ramani nayo ilibadilika: vyungu vya aina hii vimeonekana pwani na visiwani, na pia bara, hata upande wa Morogoro. Havikushushwa na jahazi lolote. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate nchini Kenya, Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 chini ya msikiti wa mawe, akakuta alama za misikiti midogo ya miti iliyoutangulia, mkongwe wake ukiwa wa karne ya 8, katika mji uliopikia vyungu vya jamii hiyo hiyo. Uislamu, basi, haukungoja mji wa kigeni ili upate pa kukaa.

Isidhaniwe kwamba twataka bakuli litupwe. Wapo ambao, kwa bidii ya uzalendo, husema kana kwamba bahari haikuleta kitu. Hilo ni kosa lile lile lililogeuzwa juu chini. Kaole, karibu na Bagamoyo, mabakuli ya Uchina yalipachikwa katika nguzo za makaburi. Chombo cha kulia kilifanywa pambo la marehemu. Nani aliamua hivyo? Si mfinyanzi wa Uchina, bali watu wa Kaole wenyewe. Ndiyo maana bakuli hilo, ingawa lilichomwa katika tanuri la mbali, latueleza mengi zaidi juu ya Kaole. Leo yamebaki mashimo ya mviringo. Bakuli lililong'olewa hubaki zuri, lakini ushahidi wake umekatika nusu.

Ndivyo ilivyo hata kwa kigae kinachookotwa ufukweni Kilwa na kutiwa mfukoni. Ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, lakini askari hawezi kusimamishwa juu ya kila kigae. Mwalimu aliye safarini na darasa lake, kabla mtoto hajainama kukiokota, na amwulize kimelala wapi, kando ya nini, na ni upande upi wenye masizi.