Viambishi vya Ushabiki
Wapenzi wa Arsenal walipohojiana kama Arsène Wenger abaki au aondoke, sarufi ya hoja zao ilistahili kuchunguzwa. Mwaka 2004 timu ilipotwaa ubingwa wa ligi bila kufungwa katika michezo 38, mpenzi wa Kiswahili alisema, "Tumeshinda." Miaka ya mwisho kabla ya 2018, alisema, "Wenger kafungwa." Kiambishi "tu-" kilikimbia, kikaacha lawama kwa mtu mmoja. Hata jina la "mwalimu" tumwitalo kocha halikumwombea subira. Sisemi kwamba ilikuwa kosa kumtaka aondoke. Miaka 22 ni mingi. Lakini hukumu ya haki huanza kwa kukiri, "Tumefungwa," ndipo ikauliza ni nani aliyekosea.