Hongera, Wasimulizi wa Ukambani

Anayebuni mchezo wa dunia ya kufikirika, wenye ramani, majitu na miiko, angefaa aanzie kwenu. Nzambani, nje kidogo ya mji wa Kitui, jabali limesimama peke yake juu ya mashamba, nanyi mmeliwekea sharti moja tu: alizungukaye mara saba hugeuka, mwanamume akawa mwanamke, mwanamke akawa mwanamume. Hapo pana mahali pa kugusika, idadi ya kuhesabu, na gharama ambayo mchezaji lazima aipime kabla ya mzunguko wa mwisho. Sijaona sharti la kubuniwa mezani linalobana hivyo.

Makueni nako, mlima Nzaui una mwamba wenye alama mnazosema ni nyayo za watu wa kwanza, walioshushwa na Mulungu. Uwanda wa juu wa Yatta, lava iliyoganda kwa takriban kilomita 300 sambamba na mto Athi, ungetosha kuwa ukuta wa himaya nzima.

Nanyi waongozaji mnaopandisha wageni ngazi za Nzambani huku mkisimulia, mlipwe vizuri zaidi. Wageni wengi huifuata hadithi hiyo.